Misonobari ya Sunningdale

Uwanja wa Zamani wa Sunningdale, mpakani mwa Berkshire na Surrey, safari ya chini ya saa moja kwa treni kutoka London, husifiwa kwanza kwa miti yake. Picha zake nyingi zinafanana: ukanda wa nyasi fupi unateremka kati ya misonobari mirefu, mibetula yenye magome meupe imejipanga pembeni, na mwisho wa yote ni bendera juu ya kijani kilichokatwa sana. Wachezaji husema kila shimo limejitenga na mwenzake, na kwamba mle ndani mtu hasikii ila ndege na mkwaju wake mwenyewe. Sifa hizo zina ukweli wake. Hata hivyo nina hoja ambayo wapenzi wengi wa viwanja vya aina hii hawapendi kuisikia, nami naitoa kwa sababu navipenda viwanja hivyo. Msitu ule ni mgeni. Mwenyeji ni nyika iliyo chini yake, na klabu inayoikata misonobari yake ili nyika ipate jua inatunza urithi wake kwa namna iliyo sahihi kuliko klabu inayoilinda miti hiyo kama mboni ya jicho.

Nyika yenyewe haijulikani sana kwetu, ingawa mimea yake ina ndugu huku. Aliyepanda Kilimanjaro anakumbuka kwamba baada ya msitu wa mvua huingia ukanda wa vichaka vya erika, vyenye majani madogo makavu kama sindano, vingine virefu kuliko mtu. Erika za kusini mwa Uingereza ni za ukoo huohuo lakini fupi, hazipiti goti kwa kawaida, na mwezi wa Agosti hufunika ardhi kwa maua ya zambarau. Huota juu ya mchanga maskini wenye asidi. Mvua inaupita upesi mchanga huo, na inaposhuka inabeba madini hadi chini, ikiacha juu tabaka la kijivu na chini yake tabaka gumu jeusi la chuma. Mkulima hapati kitu pale. Daniel Defoe, yule aliyeandika Robinson Crusoe, aliipita nyika ya Bagshot, jirani kabisa na Sunningdale, na katika kitabu chake cha safari za Uingereza kilichoanza kutoka mwaka 1724 aliilinganisha na majangwa ya Uarabuni, akieleza mchanga unavyorushwa na upepo. Mtu aliyeona jangwa hakuwa ndani ya msitu.

Lakini wala nyika haikujiotea. Watu wa zama za shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walifyeka miti iliyokuwapo, udongo dhaifu ukachoka upesi, na erika ikachukua nafasi. Kuanzia hapo vizazi vya wanakijiji viliishikilia nyika katika hali hiyo kwa kuitumia. Walilisha ng'ombe, kondoo na farasi wadogo juu yake. Walikata udongo wenye mizizi wakaukausha kuwa kuni, na vichaka vya miiba vyenye maua ya njano wakaviwasha kwenye matanuru ya mikate. Erika ilikuwa ya kuezekea na kutengenezea mifagio. Kila mche wa msonobari uliothubutu kuchomoza uliliwa na mnyama au kukatwa na mtu. Ndiyo maana nasema nyika ni kazi ya mikono, kama shamba lilivyo kazi ya mikono, isipokuwa hii ilifanywa na watu wasiomiliki ardhi, kwa haki ya pamoja ya kulisha na kukusanya kuni. Nitalirudia jambo hilo la haki, maana ndilo gumu kuliko yote.

Gofu ilifika katika habari hii ikiwa imechelewa. Hadi miaka ya 1890 waliotaka kucheza vizuri walikwenda pwani, Scotland hasa, kwenye matuta ya mchanga kando ya bahari. Viwanja vya bara vilikuwa juu ya udongo wa mfinyanzi, na wakati wa baridi vinageuka tope. Kisha wanasheria wa London walioanzisha klabu ya Woking mwaka 1893 walionyesha kwamba mchanga wa nyika za Surrey hukauka kama ule wa pwani, na reli ilikuwa tayari imepita jirani. Sunningdale ikafuata, uwanja ukafunguliwa mwaka 1901, juu ya ardhi ya Chuo cha St John's cha Cambridge. Willie Park, aliyeuchora, aliung'oa uoto wa nyika pale alipotaka njia za kuchezea na kuotesha nyasi kwa mbegu, jambo ambalo wakati ule karibu hakuna aliyelifanya kwa uwanja mzima. Herbert Fowler akajenga Walton Heath, iliyofunguliwa 1904. Picha za Sunningdale za miaka hiyo ya mwanzo zinaonyesha mteremko mtupu, erika kila upande, na upeo wa macho ulio mbali. Mchezaji wa mwaka 1905 aliweza kuona bendera kadhaa kwa wakati mmoja.

Miti ilikuja kwa njia mbili. Mingine ilipandwa makusudi: Harry Colt, katibu wa klabu tangu 1901 na baadaye mmoja wa wachoraji wakubwa wa viwanja duniani, alikuwa mpenzi wa miti, na sehemu ya misonobari ile ni ya wakati wake. Mingi zaidi ilijipanda yenyewe, kwa sababu waliokuwa wakiizuia waliondoka. Makaa ya mawe yaliletwa kwa treni na kuni za nyika zikaachwa. Mifugo ikapungua mwaka hadi mwaka. Kwa muda sungura walibaki wakiitafuna michipuko, lakini mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosi ukaingia Uingereza na kuwaua kwa mamilioni, na ndani ya miaka michache mibetula ikasimama kila mahali. Mbegu ya mbetula ni nyepesi mno, upepo huichukua. Kwa hiyo ukuta ule wa kijani ambao mgeni wa leo anaudhani wa kale, na ambao bei ya kuingia inapandishwa kwa ajili yake, sehemu yake kubwa ina umri unaolingana na wa wazee waliomo ndani ya jengo la klabu.

Umri pekee hautoshi kuwa hoja, najua. Kitu kipya kinaweza kuwa bora. Basi tutazame mchezo wenyewe unavyobadilika. Erika ni adhabu ya aina yake. Mpira ukiingia humo huonekana vizuri, nao hulazwa juu ya vijiti vigumu kama waya. Ukiushukia kwa fimbo, vijiti hivyo huizunguka shingo ya chuma na kuugeuza uso wake ndani, na mpira huruka chini, kushoto, hatua chache tu. Mchezaji mwenye busara huchukua fimbo fupi yenye uso uliolala na kuutoa kando, akikubali hasara ya mkwaju mmoja. Adhabu hiyo ina kiasi: unaupata mpira, unaupiga, unaendelea, na mwenye nguvu na ujuzi anaruhusiwa kujaribu zaidi. Mti una adhabu ya bahati. Mpira unagonga shina na kurudi njiani, au unapotea kabisa, na wawili waliokosea sawasawa wanapata matokeo tofauti. Zaidi ya hayo, nyika iliyo wazi ina upana, na upana ndio unaomfanya mtu afikiri. Pale Woking, mwanzoni mwa karne ya 20, John Low na Stuart Paton waliweka banka za mchanga katikati kabisa ya njia ya shimo la nne, reli ikiwa upande wa kulia. Baadhi ya wanachama walikasirika, maana waliona mkwaju ulionyooka unaadhibiwa. Kumbe shimo lilikuwa limepata swali: upite kulia, karibu na reli, ili mkwaju wa pili uwe rahisi, au kushoto kwenye usalama, ulipe baadaye? Swali kama hilo huhitaji nafasi. Panda safu mbili za misonobari kulibana shimo lile na swali linakwisha. Linabaki jibu moja tu, kunyoosha.

Kuna pia habari ya nyasi, ambayo watunza viwanja huijua kuliko wachezaji. Nyasi nyembamba zinazofaa mchanga maskini hupenda jua la asubuhi na upepo wa kukausha umande. Kivuli cha msonobari upande wa mashariki wa kijani huleta kuvu na ukungu, mizizi yake hunyonya maji, na penye unyevu na kivuli huingia nyasi pana dhaifu zinazodai dawa na mbolea. Na mbolea ni sumu kwa erika: ikipata chakula kingi, majani mengine huizidi nguvu na kuifunika. Hivyo klabu inayopenda miti yake mno hujikuta inaiua nyika mara mbili, kwa kivuli na kwa mfuko wa mbolea. Na hata fahari ya Sunningdale haikutokana na ukuta wa miti: mwaka 1926 mchezaji wa Marekani, Bobby Jones, alicheza pale katika mchujo wa mashindano ya wazi ya Uingereza akamaliza kwa mikwaju 66, 33 nusu ya kwanza na 33 nusu ya pili, kadi nzima ikiwa na tatu na nne tu. Wengi huitaja raundi hiyo kama kitu kitakatifu cha mahali pale. Aliicheza kwenye uwanja ulio wazi kuliko ule ambao watoto wa waliomshangilia walikuja kuurithi.

Sasa pingamizi. La kwanza ndilo litakalomjia msomaji wa Afrika Mashariki mara moja, kwa kuwa tumelelewa nalo: dunia inaungua, misitu inateketea, nawe unashangilia anayekata mti? Nalichukulia kwa uzito. Ni kweli kwamba msitu uliokomaa unashika kaboni nyingi kuliko nyika kavu ya erika, na anayedai kinyume anapindisha hesabu. Lakini hesabu nyingine ni hii: mwaka 1919, Uingereza ilipounda Tume yake ya Misitu, miti ilifunika karibu asilimia 5 tu ya nchi, leo ni karibu asilimia 13. Katika kipindi hichohicho nyika za maeneo ya chini zimezidi kutoweka, na tangu mwaka 1800 zimepotea zaidi ya asilimia 80. Kimoja kinarudi, kingine kinakwisha, na kile kinachokwisha ni adimu duniani, kwa maana Uingereza ina karibu moja ya tano ya nyika zote za aina hii zilizobaki. Viumbe vyake havina pa kuhamia. Kuna kindege chenye kifua cha rangi ya mvinyo, kinachoitwa kwa jina la mji wa Dartford, kisichohama wakati wa baridi. Baada ya theluji kali ya 1962 na 1963 zilibaki jozi kumi hivi nchi nzima. Kuna mjusi wa mchanga anayetaga kwenye mchanga mtupu unaopigwa na jua, na mchanga huo haupo chini ya misonobari. Tanzania tunajua jambo hili tukitaka kulikumbuka: uwanda wa Kitulo ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake ya nyasini, na hakuna mwenye akili anayeutazama akasema ni msitu ulioshindwa kuota. Kila ardhi na uoto wake. Kupanda mti ni jema pale mti unapokosekana, na dunia ina mahali pengi pa namna hiyo.

Pingamizi la pili ni la wanachama wenyewe, na lina huruma ndani yake. Wanasema miaka mia moja nayo ni historia. Kwamba baba zao walicheza kati ya misonobari hii. Kwamba faragha ya kila shimo imekuwa sehemu ya mahali. Hapa natoa ninachoweza kutoa. Sidai uwanja urudishwe kuwa kama picha ya 1901. Mwaloni mkubwa uliosimama nyuma ya kijani cha shimo la 18 la Sunningdale, ambao klabu imeufanya alama yake, haki yake ya kubaki haina ubishi. Misonobari michache mikongwe, ikiwa mmojammoja au kwa makundi, inapendeza juu ya nyika, na ndege huitumia. Ninachokataa ni ukuta, na kile kichaka cha miche iliyoota tangu watu waache kuangalia, ambacho hakuna aliyekipanda, hakuna aliyekichagua, na sasa kinatetewa kana kwamba ni wosia. Mazoea ya nusu karne yasiitwe mapokeo mbele ya kitu cha miaka 3,000.

La tatu ni zito, nami nakiri kwamba halina jibu lote. Linasema: nani amewapa wacheza gofu, tena matajiri, mamlaka ya kujiita walinzi wa nyika, wakati wao ndio waliozifunga kwa umma? Mfano wake uko St George's Hill, karibu na Weybridge. Aprili 1649, miezi michache baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa, Gerrard Winstanley na wenzake maskini walikwenda kwenye kilima hicho, nyika ya pamoja, wakaanza kulima na kupanda mboga wakisema ardhi ni hazina ya watu wote. Walipigwa, mazao yao yakaharibiwa, na ndani ya miezi wakafukuzwa. Mwaka 1911 mjenzi mmoja, W. G. Tarrant, alikinunua kilima hicho, akakigawa viwanja vya majumba makubwa, na 1913 Harry Colt akafungua humo uwanja wa gofu uliochongwa ndani ya misonobari iliyokuwa imekwisha kuota. Ni uwanja mzuri sana, watu wa gofu wanakubaliana. Aprili 1999, kutimiza miaka 350, wanaharakati walipiga kambi pale kwa siku kadhaa hadi mahakama ikawatoa. Anayetaka kuzungumzia urithi wa nyika hawezi kuuruka ukurasa huu, maana nyika ni zao la haki ya pamoja, na mara nyingi haki hiyo ilipoondolewa ndipo miti ilipoingia.

Ninachoweza kujibu ni kwamba dhambi ya kufunga haifutwi kwa kuiacha nyika ife, na kwamba ziko klabu zinazoonyesha njia nyingine. Royal Ashdown Forest, huko Sussex, iliyoanza 1888, inacheza juu ya ardhi ambayo wenye haki za malisho bado wana sauti nayo. Hairuhusiwi kuchimba banka hata moja, na haina hata moja mpaka leo, wala hakuna anayelalamika kwamba mchezo ni mwepesi. Watu hutembea na mbwa wao katikati ya mashimo. Walton Heath nayo iko juu ya ardhi ya jumuiya, na umma unapita. Gofu na haki ya kupita vinaweza kuishi pamoja. Kinachohitajika ni wachezaji kusubiri kidogo mtembeaji apite. Klabu inayotaka kusifiwa kwa kurudisha erika ifungue pia njia zake, iweke alama zinazosomeka, na iache kumtazama mpita njia kama mwizi. Bila hilo, uhifadhi wake ni nusu.

Na kazi yenyewe haina fumbo. Miti ikishaangushwa na visiki kung'olewa, tabaka la sindano zilizooza hukwanguliwa kwa mashine mpaka mchanga wa kijivu uonekane. Mwaka wa kwanza ni jeraha, na ndio mwaka ambao barua za malalamiko huandikwa. Lakini mbegu za erika, ndogo kama vumbi, hukaa udongoni kwa miongo mingi zikiwa hai, na zikipata mwanga huota bila kupandwa na mtu. Baada ya hapo ni utunzaji: kukata erika iliyozeeka kwa zamu, kung'oa miche ya mibetula kila mwaka, kuweka mbolea mbali. Kazi ya kukata hufanywa kuanzia vuli hadi Februari, kabla ndege hawajajenga viota. Mwezi wa Mei hufika kirukanjia, ndege wa usiku anayetaga ardhini kwenye nyika iliyo wazi. Vifaa vidogo walivyofungwa baadhi ya virukanjia wa Uingereza vimeonyesha kwamba msimu wa baridi walikuwa kusini mwa Kongo, kwa hiyo nyika hizi zina wenyeji wanaokaa nusu ya mwaka barani mwetu. Mwaka 2005 nyika za bonde la Thames, pamoja na Chobham Common iliyo jirani na Sunningdale, ziliwekwa chini ya ulinzi maalumu kwa ajili yake na ndege wengine wawili. Viwanja vya gofu vinavyozizunguka ndivyo vyenye ardhi, mashine na fedha za kuziunganisha.

Basi wewe msomaji uliye mwanachama wa klabu ya aina hii, Surrey au kwingineko, na wako Waswahili si haba wanaoishi na kucheza huko, mkutano mkuu utakapoletewa mpango wa kuondoa misonobari, uusome kwanza kabla ya kuukataa. Uliza ni miti ipi itabaki, uliza njia za umma zitakuwaje, uliza nani ataitunza erika baada ya miaka mitano. Ukipata majibu ya maana, piga kura ya ndiyo.